Mdogo Huanza Kusema

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na wala haikuwa siku njema. Naliona lile bwalo la shule pale Sosiot, meza zimeunganishwa, karatasi za mtihani zimefungwa mafungu mafungu, na walimu wa Kiswahili wa eneo zima wamekaa wakitazama mikono yao. Nilikuwa msichana tu. Nilikuwa nimevaa sweta niliyoazima kwa dada yangu, maana baridi ya asubuhi huku kwetu haina mchezo na mtu. Lakini kutetemeka kwangu siku hiyo hakukuwa kwa baridi. Niliogopa, na nitakwambia nilimwogopa nani.

Nakuandikia haya kwa sababu ya yale niliyoyaona juzi kwenye kundi la WhatsApp la chama chenu cha walimu. Mmenibakiza humo kwa heshima ya uzee, nami sisemi sana, lakini nasoma. Mmoja wenu alituhumiwa asubuhi, kufikia mchana alikuwa amekwisha kuhukumiwa, na wengi wenu mkaweka alama ya dole gumba mkaenda zenu kula. Wewe hukuweka kitu. Ukaniandikia pembeni, "Mama, mimi ni mgeni kwenye chama, si ni afadhali ninyamaze tu?" Sikukujibu. Jibu langu ni refu, na vidole vyangu na simu havipatani. Basi kaa, weka kikombe chako karibu, unisikilize.

Chama chetu cha walimu wa Kiswahili hakikuwa na ofisi wala gari. Kilikuwa na mtihani. Kila mwaka, muhula wa pili, shule za kuanzia Kiptere hadi kule Kimulot karibu na msitu wa Mau ziliungana zikatunga mtihani mmoja wa kidato cha nne. Watoto waliufanya kwa pamoja, kisha sisi walimu tukakutana mahali pamoja kuusahihisha. Siku hizo tuliishi kama watu wa boma moja. Tulikula pamoja, tukawasengenya wakuu wa shule, na wapo waliochumbiana papo hapo juu ya mafungu ya insha, nisiwataje maana ni wajukuu wao mnaowafundisha. Mwenzetu akifiwa, tulikwenda. Akiugua, tulimshikia darasa lake. Ukimsikia mtu akisema chama ni chai na mandazi, ujue huyo hajawahi kufiwa.

Na tulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kabla ya kuanza kusahihisha insha, sote tulisoma insha moja, ileile, kila mtu akaandika alama zake bila kumwonyesha jirani. Kisha alama zikasomwa kwa sauti, na aliyeanza kuzisoma alikuwa mdogo kuliko wote. Hakuanza mwenyekiti, wala mwenye digrii mbili. Waanzilishi wa chama walikuwa wameona kwamba mzee akishasema kumi na tano, kijana aliyeandika tisa atafuta upesi upesi aandike kumi na nne. Kwa hiyo mdogo alianza, aseme alichokiona kwa macho yake. Na desturi ikishazoeleka haina mpaka, hata mikutano yetu ikaja kwenda hivyo hivyo. Jambo likiwa zito, mdogo huanza kusema, tunapanda mpaka kwa mwenyekiti. Mwaka huo mdogo nilikuwa mimi.

Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Kirui. Mtu mrefu, sauti yake ingeweza kuendesha ibada bila kipaza sauti. Ndiye aliyenifundisha sekondari, akanifundisha mpaka nikaipenda lugha ambayo nyumbani kwetu ilisemwa na wageni tu. Nilipomaliza chuo, na serikali bado haijaniajiri, ni yeye aliyenishika mkono akanipeleka kwa mkuu wa shule yake hapo Sosiot, nikawa mwalimu wa bodi, yule anayelipwa na shule kwa mkataba wa muhula hadi muhula. Muhula ukiisha na mkuu wa idara asikuombee, umerudi nyumbani kuchuma majani chai ya baba. Na mkuu wa idara alikuwa yeye Kirui. Umeona nilivyokalia kaa la moto.

Wa pili ni Mwalimu Moraa. Wazazi wake walitoka Kisii wakaja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, yeye akazaliwa huku huku na kukulia huku. Alifundisha shule ya kutwa ya wasichana upande wa Kiptere, watoto wa wafanyakazi wa mashambani, wengi wao hawana kitabu ila kile cha kuazimana. Alikuwa mcheshi. Ndiye aliyenionyesha namna ya kushika kalamu nyekundu kutwa nzima bila kidole kuvimba, na ndiye aliyenipa jina la Kifunga Mimba wa Chama, nami nikacheka mpaka machozi. Wa tatu ni katibu wetu, Mwalimu Langat, mtu wa bidii sana. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu kuwa wa kwanza kujua jambo, na hilo ni ugonjwa.

Sasa sikiliza. Swali la insha lilitungwa na mwenyekiti peke yake, tena kwa siri, hata katibu hakuliona mpaka siku ya mtihani. Liliwataka watoto waandike kisa cha kuthibitisha methali hii: Mchumia juani hulia kivulini. Tukiwa katikati ya kusahihisha, meza yetu ikafikia fungu la shule ya Moraa. Moraa mwenyewe alikuwa bwalo la pili akisahihisha fasihi, maana mwalimu hasahihishi watoto wake. Langat akachukua nusu ya fungu, mimi nikapata sehemu yangu.

Niliposoma ya kwanza nikasema, huyu mtoto ana kipaji. Mama mmoja mchuma chai amejaza kikapu, mvua ya mawe inamkuta shambani, anavua leso aliyojifunga kichwani anakifunika kikapu ili majani yasipondeke, yeye anabaki kichwa wazi. Mvua inampiga mpaka damu inamtoka. Majani yanapokelewa kituoni, karo ya mwanawe inapatikana. Nikampa alama nzuri. Nikafungua ya pili. Mama yuleyule, leso ileile. Ya tatu vilevile. Nikainua macho, nikakuta Langat ananitazama, na kalamu yake ameiweka chini.

"Hata wewe?" akaniuliza.

"Hata mimi," nikasema.

"Hawa walipewa karatasi kabla. Tena wameandikiwa na insha yenyewe wakariri." Akazikusanya zote, zake na zangu, akatoka nazo kuelekea ofisini. Mlangoni akasema kwa sauti ya kusikika, "Lisemwalo lipo. Nilijua tu hawa watu wa kuja watatuharibia mtihani."

Lile neno, watu wa kuja, lilipita juu ya meza na hakuna aliyelikamata. Nataka ulishike hilo, mwanangu. Moraa alikuwa ametuzikia wazazi wetu, ametuchangia harusi, na neno hilo likapita hivi hivi, tukaendelea kusahihisha.

Kufikia saa ya chai habari ilikuwa imeenea. Kutakuwa na mkutano wa dharura. Moraa atatolewa kwenye chama, na jina lake litapelekwa kwa mwajiri. Wewe unajua maana yake. Mwalimu aliyeandikwa kuwa amevujisha mtihani, hata ukiwa mtihani wa chama tu, anasimamishwa kazi wakati wanachunguza, na uchunguzi wenyewe huzeeka kabla haujaisha. Mume wake alikuwa ameachishwa kazi kiwandani. Mshahara uliolisha nyumba hiyo ulikuwa wa Moraa.

Nilishika kikombe changu, siwezi kunywa. Kitu kilikuwa kinanikereketa tangu ile insha ya kwanza. Yule mama namjua. Ile leso naijua. Nimesikia wapi? Nikasikia mpishi akiwaambia wenzake wawahi kuanua unga, wingu limekuwa zito, leo mvua ya mawe itashuka. Papo hapo nikayasikia maneno hayo, mvua ya mawe, kichwani mwangu, na sauti ilikuwa ya Mwalimu Kirui.

Ilikuwa hivi. Wiki chache kabla ya mtihani, chama kilifanya kongamano la wanafunzi katika ukumbi wa kanisa. Mgeni aliyealikwa kuzungumza juu ya insha alikwama kwenye matope ya barabara ya Kimulot, hakufika. Watoto wameshajaa ukumbini. Mwenyekiti akasema, basi nitazungumza mimi. Alisimama bila karatasi, akaanza kueleza insha ya methali inavyoandikwa, na alipotafuta mfano, mfano uliokuja ni ule uliokuwa umelala karibu kichwani. Akatoa methali ileile aliyokuwa ameitungia swali, akasimulia kisa cha mama yake mzazi. Ni mtunga mitihani tu awezaye kufanya kosa la namna hiyo. Mtu akikaa na siri muda mrefu humwia kama kitu cha kawaida, akasahau kwamba ni siri.

Utaniuliza, wenzako hawakusikia? Walimu wenzangu walikuwa nje wameota jua, wanakunywa soda na kujadili uhamisho, kama ilivyo katika makongamano yote tangu dunia iumbwe. Mdogo ndiye aliyeachwa ndani kulinda watoto. Moraa siku hiyo alikuwa hospitalini na mwanawe mwenye kifua, wasichana wake waliletwa na mwalimu wa dini. Walikaa chini sakafuni, mbele kabisa, kwa kuwa viti havikutosha, wakaandika kila neno. Watoto wa shule kubwa, wenye vitabu, walikuwa wanapitishiana mkate. Sasa hao wasichana wakaingia kwenye mtihani wakakuta methali ileile. Wangefanya nini? Hata mimi ningemwandika yule mama.

Nikajua, basi. Nikajua peke yangu. Na ungenitazama ungeona mtu aliyemeza mfupa. Moraa hana kosa. Aliyevujisha mtihani ni mwenyekiti, baba yangu katika lugha, mkuu wangu wa idara, na hajui kwamba ameuvujisha. Yeye hakuwa amezisoma hizo insha. Aliambiwa tu kwamba zinafanana.

Nikafikiri nimwambie faraghani, ndivyo tulivyolelewa. Mzee haanikwi kwenye kamba. Nikamfuata kwenye kibaraza cha ofisi, alikuwa ananawa mikono.

"Mwalimu, ninaomba dakika moja. Ni juu ya zile insha."

"La mkutano lisemwe mkutanoni," akasema bila kunitazama.

"Mwalimu, hili ni afadhali ulisikie kwanza peke yako."

Hapo akageuka. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Chepkirui, watu wameanza kunijia kisirisiri tangu asubuhi. Mmoja anataka nimfukuze, mwingine anataka nimfiche. Nikikusikiliza wewe, nitakuwa nimewasikiliza wote. Wewe ndiye utakayeanza. Sema kwa kifupi." Akakausha mikono akaingia ndani.

Mwanangu, sijawahi kutembea mwendo mrefu kama ule wa kutoka kibarazani hadi kwenye kiti changu.

Tulikaa. Moraa aliwekewa kiti karibu na mlango, mkoba wake mapajani. Hakulia. Langat alieleza yote, kwa haki sikuona aliloongeza, isipokuwa ile sauti. Akamaliza kwa kusema kwamba penye wazee haliharibiki neno, na wazee wakate neno. Mwenyekiti akamuuliza Moraa kama ana la kusema. Moraa akasema, "Sikuiona karatasi. Wasichana wangu hawakuiona. Kwa nini wameandika hivyo, sijui. Nipeni siku moja niwaulize." Langat akasema siku moja inatosha kuwafundisha la kujibu. Watu wakaguna.

"Tuanze," akasema mwenyekiti. "Mdogo."

Nikasimama. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini. Nilimshukuru Mungu. Nikamshukuru mwenyekiti kwa kunilea. Nikawashukuru wazee wa chama. Nikasema mimi ni mtoto na mtoto hukosea, nikaomba radhi kwa nitakalosema, nikaomba radhi tena kwa kuwa labda sitalisema vizuri. Nikasema pengine, nikasema huenda, nikasema yawezekana ni masikio yangu tu. Nilizunguka hata mimi mwenyewe nikapotea.

"Mwalimu, unahutubia harusi?" akauliza Langat, na watu wakacheka kidogo.

Nikatupa jicho mlangoni. Moraa alikuwa amefumba macho, na midomo yake inatikisika kama mtu anayesali. Hapo likanitoka. Nikasema, "Kisa kile wasichana walikisikia kwenye kongamano. Nilikuwepo. Alikisimulia mwenyekiti. Kilitoka kwa mwenyekiti mwenyewe, pamoja na methali." Nikakaa.

Mwenyekiti uso wake haukusogea. Nikamsikia anasema, kwa sauti ileile ya kila siku, "Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa mwalimu kijana kutoka Kimulot, tulikuwa tumecheka naye asubuhi yote. Akamtazama mwenyekiti, akatazama meza. "Mimi sina la kusema." Aliyefuata, mama mmoja wa makamo, rafiki wa Moraa wa kwenda naye kanisani, akasema yeye pia hana la kusema. Wa tatu hivyo. Wa nne hivyo. Ikapanda meza yote. Watu wanaofundisha watoto kusema, mwanangu, watu wanaokula kwa kusema, wote hawana la kusema. Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo niliona ndimi nyingi zimevunjika.

Ikafika kwa Langat. "Basi sasa mtihani umevujishwa na mwenyekiti," akasema. "Huyu msichana anamtetea rafiki yake kwa kumpaka matope mzee aliyemlisha. Mimi naona watoke wote wawili."

Nikajiona niko shambani na kikapu mgongoni, muhula ujao.

Sasa ikabaki zamu ya mwenyekiti. Kisha akaniuliza, "Zile insha umezisoma kwa macho yako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Huyo mama, baada ya mvua, anabaki na nini?"

"Alama. Juu ya jicho la kushoto. Na wanaandika kwamba hakuwahi kuificha kwa kitambaa."

Akanyoosha mkono, Langat akampa fungu. Mwenyekiti akaenda nalo dirishani kwenye mwanga, akasoma ya kwanza mpaka mwisho. Akasoma ya pili. Alipovua miwani niliona kwamba huyu mzee analia, na sijui kama yeye alijua.

"Huyu ni mama yangu," akasema. "Mama hakujua kusoma. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna siku watoto wa watu watamwandika." Akapangusa uso kwa kiganja. "Hawakuiba. Walisikiliza. Mtihani umevuja, na aliyeuvujisha ni mimi." Akatembea mpaka mlangoni, mtu wa umri ule, akasimama mbele ya kile kiti. "Mwalimu Moraa, nimekukosea. Nilikuwa karibu kukutoa kazini kwa kosa langu."

Moraa akasema, "Nimekusamehe, Mwalimu." Akainuka, akautundika mkoba wake begani. "Naomba turudi kwenye kazi. Kuna karatasi za watu bado hazijaguswa."

Hivyo ndivyo ilivyokwisha. Insha ilifutwa shule zote, tukatunga nyingine. Katika mafungu ya shule nyingine tulimkuta yule mama pia, hapa na pale. Mwenyekiti alikataa kutunga tena mpaka alipostaafu. Langat hakunisalimia mwaka mzima, kisha siku moja akanisalimia, na mimi nikaitikia, maisha yakaendelea.

Kesho yake nilimfuata Mwalimu Kirui nje ya idara kumwomba msamaha kwa kumwaibisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanikemea kwa namna ambayo haijanitoka mpaka leo.

"Ukiniomba msamaha kwa kusema kweli," akasema, "utakuwa unaniambia nilistahili kudanganywa. Hilo liache. Lakini nina neno jingine nawe. Jana ulisimama ukaanza kunipamba. Ukashukuru, ukaomba radhi, ukazunguka. Nani alikuwa hatarini pale, mimi au Moraa?"

"Moraa, Mwalimu."

"Basi mbona ulishughulika na mimi? Mwenzako amekabwa koo, wewe unatafuta kiti cha kuketisha heshima yangu. Heshima yangu ina miguu, ingesimama tu. Siku nyingine, aliyekabwa mtoe kwanza. Halafu urudi kuniamkia mimi, hata kwa saa nzima ukitaka."

Na muhula ulipoisha aliniombea kwa mkuu wa shule, nikabaki. Usidhani kila mzee ni hivyo. Wengine wangenirudisha shambani, na ukweli ungebaki kuwa ukweli.

Nikadhani mambo yamekwisha, mwanangu. Hayakwisha. Mwaka uliofuata Moraa alikuja kusahihisha kama kawaida. Saa ya chai ilipofika tulipanga foleni kwenye sufuria, tukiwa na mandazi yetu. Moraa akabaki kwenye meza yake, akatoa thamosi kwenye mkoba, akajimiminia, akanywa peke yake. Tukadhani ni mambo ya tumbo. Mwaka mwingine tena, thamosi. Hakuwa amenuna. Alisalimia, alicheka, alisahihisha vizuri kuliko wote. Ila chai yetu hakuinywa tena mpaka alipostaafu. Na walimu wakawa wanaulizana, kwani si mwenyekiti alimwomba msamaha mbele ya watu?

Siku moja nikabeba kikombe changu nikaenda kukaa naye. Nikamuuliza kama bado ana kinyongo na Kirui.

"Kirui?" akasema. "Kirui alikosea, akasimama, akaja mpaka pale nilipokaa. Nilimsamehe saa ileile. Kirui hanisumbui." Akafunika thamosi yake polepole. "Wanaonisumbua ni wale wasiokuwa na la kusema. Nilikaa pale nikawatazama mmoja mmoja. Kama wangesema nimeiba, ningewajibu. Mtu asiye na la kusema utamjibu nini? Utamsamehe nini?"

Yeye akachukua kikombe changu, akaimwaga ile chai ya chama dirishani, akanimiminia yake. Tukanywa mpaka kengele ilipolia.

Sasa umeniuliza kama unyamaze. Nitakwambia wazi wazi, sitazunguka, nilishakemewa. Usinyamaze, mwanangu. Sijakwambia umtetee mtu usiyejua kama ana kosa, hilo nalo ni uongo. Sema ulichokiona. Kama hukuona kitu, sema kwamba hukuona kitu na kwamba asikilizwe kabla hajahukumiwa. Hilo peke yake ni neno, na siku ile lingetosha. Wakubwa wako waheshimu, waamkie, wapishe kiti, lakini heshima si utumwa, wala usiifanye iwe blanketi la kujifunikia mvua inapompiga mwenzako. Na usisubiri uwe mkubwa ndipo useme. Nimewaona wengi waliosubiri. Walipofika juu walikuwa wamesahau walichotaka kusema.

Chama ni watu. Mnaweza kuwa na mtihani mzuri, na kongamano, na fulana zenye nembo, na bado mkakaa meza moja kila mtu na thamosi yake.

Huyo mwenzenu wa juzi, mpigie simu leo. Usimwandikie, mpigie, akusikie sauti. Muulize yeye anasemaje, kisha nenda kwenye kundi useme ulilosikia, kwa jina lako.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe wanafunzi wenye masikio, na wakubwa wanaoweza kukosea mchana na kukiri mchana huohuo. Akupe maneno yanayokuja upesi pale mwenzako anapoyahitaji. Na ikifika zamu yako ya kutuhumiwa, maana kwa mwalimu hufika, asikose kukuwekea kwenye ile meza mtu mmoja mwenye la kusema.